Glaida nyingi katika mkondo mmoja wa hewa

SWALI: Ninajiandaa kwa mashindano yangu ya kwanza ya glaida, ndege zisizo na injini. Ninachohofia ni kuzunguka na wenzangu wengi ndani ya mkondo mmoja wa hewa inayopanda. Je, kifaa cha FLARM, kinachotoa onyo ndege zikikaribia kugongana, kinatosha kunilinda?

JIBU: Hakitoshi. FLARM hutambua tu ndege zenye kifaa kinachowasiliana nacho, na kundi likisongamana milio huwa mingi mno. Macho yabaki nje.

Zunguka upande uleule wa aliyetangulia, hata kama mmeachana sana kwa kimo. Ingia ukitokea nje ya duara, usilikate katikati, kisha jipange upande wa pili ukimtazama mwenzako. Kuingia kwa kasi na kuinua pua ghafla ni hatari kubwa: aliye juu hakuoni, naye anayekufuata anaweza kukugonga. Ukimpoteza jirani machoni, nyoosha mabawa na utoke upande ulio wazi. Pointi chache zilizopotea si kitu.

Ukibeba maji ya kuongeza uzito mabawani, zunguka kwa kasi zaidi, kwa sababu uzito hupandisha kasi ambayo chini yake bawa hushindwa kubeba ndege. Glaida ikianza kusokota humo, yaani kuanguka huku ikizunguka, huwaangukia walio chini.

Na mkondo ukikosekana? Kwenye mita 600 juu ya ardhi chagua eneo la kutua, 450 uwe umeshachagua shamba lenyewe, 300 anza mzunguko wa kutua, maji yakiwa yameshamwagwa. Tungependa viwango hivyo uviongeze unaporuka juu ya ardhi usiyoijua.