Kwako unayeanza kufundisha madereva walioshikwa kwa mwendo kasi

Ukipewa kikundi chako cha kwanza, usianze na picha za ajali. Wengi wao wameshawahi kutoa majeruhi garini kwa mikono yao. Hutawaonyesha jipya, na watakufungia masikio. Waulize tu: ulikuwa unakimbilia nini? Halafu nyamaza usikilize.

Madereva wa matatu watakutajia hesabu ya mwenye gari, yaani fedha anazodai kila siku, isiyopungua hata siku ya mvua. Usiwabishie, ni kweli. Wape chaki wapige hesabu nyingine wenyewe. Kilomita 10 za barabara ya Thika kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa matatu kisheria, ni dakika saba na nusu. Kwa 100 ni dakika sita. Wameokoa dakika moja na nusu, tena barabara ikiwa tupu, na wakifika Pangani, Nairobi, wanakuta foleni. Kwa kanuni za trafiki za Kenya za 2016, kupita mwendo wa kisheria kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni faini ya shilingi 10,000. Waache waziangalie hizo namba mbili ubaoni, dakika na shilingi.

Hapo mmoja atasema safari ni nyingi kwa siku, dakika zinajumlika. Hoja nzuri, ipokee. Kisha muulize gari hukaa steji muda gani likingoja abiria. Aghalabu wenzake humjibu kabla yako: muda unapotelea steji, wala si barabarani.

Baadaye watoe nje. Hili usiliruke hata kama jua ni kali. Chora mstari wa kuanzia, kisha pimeni mita 28: hapo ndipo gari dogo la mwendo wa 50 husimama kwenye lami kavu, dereva akichukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki. Endeleeni hadi 57. Hapo ndipo la mwendo wa 80 husimama. Mwambie mmoja asimame kwenye 28 kama mtu anayevuka. Wa 80, akifika pale, ndio kwanza breki imeanza kushika. Waambie waziwazi kwamba matatu iliyojaa huhitaji nafasi zaidi, na lami ikilowa zaidi tena. Nimeona madereva wa miaka mingi wakirudi kuipima upya kwa hatua zao, bila kuambiwa.

Suala la spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo uliowekwa, litazuka. Sheria imekuwepo tangu enzi za Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, na kila mtu anajua zipo zinazochokonolewa. Usigeuze darasa kuwa kituo cha polisi. Ukianza kutafuta majina, hakuna atakayekuambia ukweli tena.

Na ukiweza, mwite mwenye gari pia. Dereva akirudi kazini na hesabu ileile, umemfundisha nusu tu. Kaeni watatu, mpange kiasi kinachoweza kufikiwa kwa mwendo wa 80, na kiandikwe.