Choo kigumu: kuna msuli umekaa kama manati

Mkuu, umesema papai unakula, maji unakunywa, dawa za kulainisha choo umemeza mpaka basi, na bado unakaa chooni nusu saa unakamua. Umeuliza kama ni bawasiri. Ya kwako siijui, ila mimi nilihangaika miaka miwili, nikupe yangu.

Ilianza nilipohama Mbagala kwenye choo cha shimo, nikaingia nyumba yenye choo cha kukaa. Wala sikuunganisha hayo mambo mawili. Nililaumu ugali. Hospitali ya kwanza wakanipa dawa za minyoo! Ya pili nilimkuta daktari mzee, akavaa glovu, akanilaza ubavu, akapitisha kidole (aibu ipo, ila ni dakika moja), akasema sukuma. Nikasukuma. Akacheka: "Kijana, unataka kutoka huku umebana mlango."

Akanichorea. Chini kabisa ya nyonga kuna misuli imetandwa kama kamba za kitanda cha kamba, imebeba kibofu, puru (mwisho wa utumbo mpana), na kwa dada zetu mji wa mimba. Mmoja wao unaitwa puborektalisi. Fikiria manati: ncha mbili za mpira zimefungwa mbele kwenye mfupa wa kinena, na pale katikati, jiwe linapokaa, ndipo puru imepita. Muda wote msuli unauvuta utumbo mbele, hata ukiwa umelala, hadi unapinda karibu nyuzi 90, kama mpira wa kumwagilia bustani uliokunjwa. Ndiyo maana ukibanwa ndani ya daladala kwenye foleni unafika salama.

Ukienda haja, msuli huo unatakiwa ulegee, kona inyooke. Wangu ulikuwa unakaza. Nikizidi kukamua, nao unazidi kuvuta. Dawa zote zile zilikuwa zinalainisha mzigo tu, geti limefungwa.

Kuchuchumaa kunasaidia kwa sababu mapaja yakipanda karibu na tumbo ile kona inafunguka zaidi. Bibi zetu na vyoo vyao vya shimo hawakuwa washamba hata kidogo. Kwa hiyo kigoda cha kama sentimita 20 chini ya miguu, magoti juu ya nyonga, viwiko kwenye magoti.

Kigoda peke yake hakikunitosha. Nilipelekwa kwa mtu wa fizio (tiba ya mazoezi), akanifundisha kubana kama nazuia ushuzi, kisha kuachia taratibu, na akasisitiza kwamba kazi yenyewe ni kuachia. Unapumua kwa tumbo, hukati pumzi. Mazoezi ya Kegel wanayokutajia humu jukwaani, yaani ya kubana misuli hiyo ya nyonga (ni ya daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeandika kuyahusu mwaka 1948), yalilenga wanawake waliolegea misuli baada ya uzazi, mkojo unawatoka. Kwa mwenye tatizo langu, kubana tu bila kujifunza kuachia ni kuongeza kufuli.

Nenda baada ya chai ya asubuhi, maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao unaamka. Dakika kumi zikipita, inuka. Simu iache sebuleni.

Mimi ilinichukua kama miezi mitatu. Ukiona damu, au unakonda bila sababu, achana na kigoda, wahi hospitali kwanza. Na huko ukiandikiwa dawa ya kulainisha kwa mara ya tano, omba upimwe kwa kidole.