Hofu ndiyo inayobeba kisu

Swali lenu la wiki hii liliuliza: kampeni za vijana wa Uingereza dhidi ya visu zinaokoa mtu, au zinaishia kwenye fulana na maandamano?

Zinaokoa, pale wanaoziendesha wanapojua kijana anabeba kisu kwa nini. Wengi hawakibebi wakachome mtu. Wanabeba kwa woga: njia ya kutoka shule inapita mtaa wa watu wasioelewana nao, na wameaminishwa kwamba kila mwenzao anacho. Kwa hiyo bango lenye picha ya panga lililokamatwa na polisi linaharibu kazi. Mtu mzima akiliona anashukuru limekamatwa. Mtoto wa miaka 12 anajiuliza mangapi hayajakamatwa, na yeye mfukoni ana nini.

Mwaka 2019 serikali ilichapa ujumbe wake wa kupinga visu kwenye maboksi zaidi ya 321,000 ya kuku wa kukaanga. Ilishambuliwa vikali kwamba imewalenga vijana weusi kana kwamba kisu ni chao. Fulana, kwa upande wake, msiidharau. Lives Not Knives ya Croydon, kusini mwa London, ilianza 2007 na fulana, mwanzilishi akiwa binti wa miaka 14, kisha ikaingia mashuleni kukaa na watoto walio karibu kufukuzwa. Huko ndiko kazi iliko, kwa sababu hotuba moja ya ukumbini inasahaulika kabla ya wiki kwisha.

Kazi ninayoiamini kuliko zote ni ya StreetDoctors, iliyoanzia Liverpool 2008: wanafunzi wa udaktari wanawafundisha vijana kuzuia damu. Piga 999, namba ya dharura ya Uingereza. Mlaze majeruhi. Kisu kikiwa bado mwilini usikichomoe, maana huenda ndicho kinachoziba mshipa. Kandamiza pembeni mwake. Kikiwa kimetoka, weka skafu au fulana juu ya jeraha, kandamiza kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wako wote juu yake. Kosa la kawaida ni kuinua kitambaa kuchungulia: damu iliyoanza kuganda inabanduka na jeraha linafunguka upya. Kikilowa, ongeza kingine juu na usiache kukandamiza mpaka gari la wagonjwa lifike.

Somo hilo linavunja uongo mmoja mkubwa wa mitaani, kwamba ukimchoma mtu pajani unamtia adabu tu. Pajani pana mshipa mkubwa, na ukikatika mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Anayetaka kulionyesha hili darasani ajaze chupa tano za lita moja maji yenye rangi nyekundu. Hiyo ndiyo damu ya mtu mzima, kwa makadirio. Amimine mbili kwenye beseni, polepole. Hapo majeruhi yuko ukingoni mwa kifo, na chupa tatu bado zimejaa.

Mapipa ya kusalimisha visu nayo yanafaa, yale ya chuma yenye mdomo usiopitisha mkono. Yakiwekwa chini ya kamera au mlangoni mwa polisi, wengi wataogopa kusogea. Kisu kifungwe kwa kadibodi na utepe wa gundi, kipelekwe moja kwa moja, bila kupitia popote. Wazazi waliokulia kwetu, ambako kisu cha kumenyea muhogo hakimshtui mtu, waelewe kwamba England na Wales kukutwa nacho barabarani bila sababu halali kunaweza kukupa kifungo cha hadi miaka 4, na "najilinda" si sababu. Kinachosameheka ni kile kidogo cha kukunja, kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Na mtoto wa miaka 10 tayari anaweza kushtakiwa.

Tangu tarehe 24 Septemba 2024 ni kosa huko kumiliki mapanga ya mtindo wa zombi, yaani yale marefu ya kutisha yanayoiga silaha za filamu za wafu wanaotembea, hata yakiwa uvunguni mwa kitanda. Ni hatua nzuri, ila kisu kinachoua zaidi ni cha jikoni, na hicho kimo katika kila nyumba. Ndiyo maana sasa kuna wanaopigania visu vya jikoni vyenye ncha ya mviringo: nyanya na nyama vinakata kama kawaida, lakini kupenya nguo na mwili ni vigumu zaidi. Anayenunua kipya leo anaweza kuanzia hapo, na vile vya zamani avihesabu kila jioni vinaporudi kwenye droo.