Galaxy A16 au iPhone SE kwa barua pepe za kazi?

Dada, umeuliza uchukue Galaxy A16 mpya au iPhone SE ya 2020 iliyotumika, ya kujibu barua pepe za wateja ukiwa dukani hapo Kibuye. Chukua Samsung. SE bado ina kasi, sikatai, lakini betri yake hata ikiwa mpya ilikuwa mAh 1,821 tu (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na hiyo ya mtumba ishazeeka. Kufika saa nane mchana utakuwa unaomba chaja kwa jirani. A16 ina mAh 5,000. Halafu kioo: inchi 4.7 dhidi ya 6.7. Fungua ankara ya PDF au jedwali la Excel kwenye zote mbili, hutaniuliza tena.

Samsung pia iliahidi A16 masasisho ya usalama kwa miaka 6. Simu iliyobeba M-Pesa na barua za kazi, mimi hilo naliweka mbele ya kamera.

Ila ukiweza kuongeza pesa kidogo, ruka ile ya RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 4. Gmail, WhatsApp na hati zikiwa wazi pamoja zinabanana kama abiria wa matatu ya Kondele jioni.

Ukishainunua, ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu Gmail ifanye kazi chinichini bila kizuizi. La sivyo simu inaweza kuilaza ili kuokoa chaji, na oda ya saa tatu uione saa sita. Na kabla hujalipa, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI (namba ya kipekee ya simu) itakayotokea na ile ya kwenye boksi.