Sikiliza ubeti wa mwisho

Wiki hii mmeuliza: mwimbaji mchanga anayetunga nyimbo zake mwenyewe akitoa albamu ya pili, msikilizaji atajuaje kama amekua kisanaa au amebadilisha ala tu? Mkaongeza swali dogo chini yake: mashabiki wana haki ya kudai aendelee kuimba kama alivyoanza?

Naanza na la kwanza, maana ndilo linaloninyima usingizi. Kwangu mimi mtunzi amekua pale anapojifunza kukipa kisa chake umbo, hata mtu asiyemjua kabisa, asiyejua aliachwa na nani wala aligombana na nani, aweze kuingia ndani ya wimbo na kujikuta humo. Mengine yote, yaani studio kubwa, vinanda, ngoma nzito, kwaya nyuma, yanaweza kununuliwa. Umbo halinunuliwi, na ni nadra mtu kulipata kwa mkupuo wa kwanza.

Tukumbuke albamu ya kwanza huwa inatoka wapi. Mtu ameanza kutunga akiwa bado shuleni. Nyimbo ameziimba chumbani, akawaimbia marafiki, akapanda nazo majukwaa madogo. Zilizo dhaifu zikaanguka zenyewe njiani. Kinachofika studio ni mchujo wa miaka. Ndiyo maana wanamuziki wana msemo kwamba albamu ya kwanza unapewa maisha yako yote kuiandika, ya pili unapewa miezi. Na miezi yenyewe ni ya safari, mahojiano, hoteli, na kuimba wimbo uleule kila usiku mpaka maneno yanakauka mdomoni. Maisha aliyokuwa akiyachota yamekatika. Hapo ndipo wengi huishia kuandika juu ya umaarufu wenyewe, jinsi unavyochosha na jinsi watu walivyobadilika, na msikilizaji ambaye hajawahi kuwa maarufu anabaki nje ya mlango.

Mfano ninaoutoa kila ninapobishana juu ya jambo hili ni Laura Marling wa Uingereza. Alizaliwa Februari 1990, na albamu yake ya kwanza, Alas, I Cannot Swim, ilitoka Februari 2008, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 18. Ni kazi nzuri na sitaki mtu anielewe vinginevyo. Vidole vyake kwenye gitaa vilikuwa tayari vya mtu aliyekaa na chombo hicho kwa muda mrefu, na albamu ilifika kwenye orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka huko kwao, mwaka huohuo. Lakini ukiisikiliza kwa makini unamsikia msichana mwerevu anayejiangalia. Mapenzi ni yake, hofu ni zake, na hata mzaha ni wa mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Kisha Machi 2010 ikaja I Speak Because I Can, safari hii prodyuza akiwa Ethan Johns. Marling ana miaka 20. Wimbo uliobeba jina la albamu anauimba kwa kinywa cha mke aliyekimbiwa na mumewe, mwanamke aliyepika miaka yote huku mume ndiye aliyeishi. Wimbo mwingine, What He Wrote, umetokana na barua za wakati wa Vita Kuu ya Pili, za mke na mume waliotenganishwa. Binti wa miaka 20 hajaolewa, hajaona vita, hajaachwa na chungu jikoni. Amejuaje basi? Nadhani alijua upweke wake mwenyewe, akaamua kumpa mwanamke mwingine aubebe. Hatujui ni kiasi gani cha machungu yale ni chake, wala hatuna haja ya kujua, na hapo ndipo ninaposema amekua. Hata pale anapoimba kumbukumbu yake mwenyewe, ya nchi yao iliyofunikwa na theluji, anayaacha mandhari yazungumze kabla yake. Sauti nayo imeteremka kidogo na haikimbilii tena noti za juu ili kutuonyesha kwamba inazifikia. Albamu hii pia iliteuliwa kuwania Mercury, lakini hata isingeteuliwa ningeandika haya haya.

Kuna kipimo ninachokitumia, na ninakitoa kwa msomaji yeyote akijaribu mwenyewe. Usikilize ubeti wa mwisho. Katika nyimbo za mtunzi ambaye bado mbichi, ubeti wa mwisho hurudia wa kwanza kwa sauti ya juu zaidi. Ameumia, ameumia, ameumia sana. Katika wimbo wa aliyekua, ubeti wa mwisho unakuta kitu kimesogea: aliyekuwa akilaumu ameanza kuona sehemu yake katika ugomvi, au aliyekuwa akingoja ameinuka, au tumegundua kwamba anayeimbiwa alishakufa zamani. Na kiitikio, ambacho maneno yake hayajabadilika hata herufi moja, kikija mara ya tatu kina maana nyingine kwa sababu ya yaliyotokea katikati. Hiyo ni kazi ya fundi. Haitokani na kuumia zaidi, kwa kuwa watu wanaumia kila siku na hawaandiki wimbo.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengi. Mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati na vina vya mwisho, na ndani ya kizuizi hicho mtu analia msiba wake. Kizuizi kinakifanya kilio kisikike hata na asiyefiwa. Mtunzi wa nyimbo anayeruka hatua hiyo, akaamini kwamba ukweli wa moyo wake unatosha, hutoa albamu ya pili iliyo ndefu kuliko ya kwanza na yenye uzito mdogo.

Kwa mtu anayetaka kuona mruko mkubwa kwa takwimu, Bob Dylan wa Marekani ndiye wa kutazama. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1962, ilikuwa na nyimbo 13, na mbili tu ndizo alizotunga mwenyewe. Zilizobaki ni za jadi na za watu wengine. Ya pili, The Freewheelin' Bob Dylan, ilitoka Mei 1963 akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22, na karibu zote ni zake. Wengi husimulia habari hii kama muujiza wa kipaji. Mimi naona kitu kingine. Kurekodi kulichukua karibu mwaka mzima, tangu Aprili 1962 hadi Aprili 1963, na katikati alikwenda London, akakaa na waimbaji wa nyimbo za kale za Uingereza, akajifunza kwa Martin Carthy. Wimbo wake mrefu wa albamu hiyo, A Hard Rain's a-Gonna Fall, umesimama juu ya mfumo wa maswali na majibu wa wimbo wa kale uitwao Lord Randal, ambamo mama anamuuliza mwanawe alikuwa wapi na amekula nini. Dylan aliuchukua mfumo ule akamfanya kijana arudi na habari za dunia nzima. Hofu ilikuwa ya zama zake, ila umbo lilikuwa na umri wa mamia ya miaka. Kijana asiye na subira ya kujifunza kwa waliomtangulia asingefika hapo.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza kuhusu Amy Winehouse wa Uingereza. Back to Black ya mwaka 2006 ni ya binafsi kupindukia, ni kuachwa kwake mwenyewe, ni ulevi wake mwenyewe, bila kinywa cha kuazima. Je, hakukua? Alikua, na kwa namna inayonisisimua zaidi ya wengine wote. Linganisheni urefu. Frank, albamu yake ya kwanza ya mwaka 2003, inakaribia saa nzima, jazi ikichanganyika na hip hop, maneno yakimiminika. Ana akili kali na anataka uione yote. Back to Black ina takribani dakika 35. Katikati ya hizo mbili alikuwa amezama katika vikundi vya wasichana vya miaka ya 1960, wakiwemo Shangri-Las, na nyimbo za vikundi vile zilikuwa na sheria kali: dakika mbili na nusu au tatu, kisa kimoja, kiitikio kinachoshikika, na msiba unaosemwa kwa maneno ya kawaida kabisa. Akaitwaa sheria ile. Maprodyuza wake, Salaam Remi na Mark Ronson, wakamjengea sauti inayolingana nayo, na kwenye nyimbo za Ronson wakapiga Dap-Kings wa Brooklyn, watu waliojua muziki wa soul wa zamani kwa mikono yao. Uchungu ukabaki wake, lakini ukaingizwa mahali pembamba, na kila neno lililobaki lilikuwa limelipia nafasi yake. Kukata ni kukua. Mtunzi anayeweza kuutupa mstari mzuri kwa sababu wimbo hauuhitaji amefika mahali ambapo wengi wenye vipaji hawafiki maishani.

Lorde wa New Zealand nitamgusa kwa haraka: miaka 16 kwenye albamu ya kwanza, 20 kwenye Melodrama ya mwaka 2017, na miaka karibu minne katikati. Alichokifanya ni kuyaweka maumivu ya kuachana ndani ya usiku mmoja wa sherehe, kuanzia shangwe hadi nyumba inapobaki tupu. Umbo tena.

Na kwa walio karibu na umri wa vijana wetu wa sasa, Ayra Starr wa Nigeria ameuandika umri wake juu ya majalada yenyewe: 19 & Dangerous mwaka 2021, kisha The Year I Turned 21 mwaka 2024. Jina la kwanza ni la kujitangaza, la pili linauhesabu mwaka na kuutazama. Katika albamu hiyo ya pili kuna wimbo ambamo ndugu yake wa kiume, Milar, anaimba naye, na mada yao ni hofu ya kuvipoteza walivyovipata. Nampenda zaidi hapo kuliko kwenye nyimbo zake za kujigamba, ingawa najua vijana wengi nyumbani kwangu hawatakubaliana nami. Mtu anayejigamba haogopi kitu, na asiyeogopa kitu hana la kuniambia usiku.

Sasa swali lenu dogo. Mashabiki wana haki ya kupenda albamu ya kwanza kuliko ya pili, hilo halina ubishi. Haki ya kudai sina hakika kama ipo. Nyimbo za mwanzo hazijachukuliwa na mtu, ziko palepale, na mtu wa miaka 20 aliyelazimishwa kuandika kama wa miaka 17 ataandika uongo. Masikio yenu yatausikia uongo huo kabla yenu hamjajua kinachowaudhi. Ninachowaomba mashabiki wenzangu ni kuisikiliza albamu ya pili mara kadhaa kabla ya kuihukumu, kwa sababu nyimbo zilizojengwa kwa umbo hufunguka polepole. Zile za kwanza zilituvamia na tukazipenda kwa kuvamiwa. Hizi zinatutaka tukae.

Lawama kubwa zaidi naipeleka kwa wanaoshika kalenda, yaani wanaompangia msanii tarehe ya kutoa albamu. Kate Bush alitoa albamu yake ya kwanza Februari 1978 akiwa na miaka 19, na ya pili, Lionheart, ikatoka Novemba mwaka huohuo. Miezi tisa! Kati ya nyimbo 10 za Lionheart ni tatu tu zilizokuwa mpya. Nyingine alizitoa kwenye akiba yake ya utotoni, kwa kuwa muda wa kutunga haukuwepo. Kipaji kilikuwa kilekile, pengine kipaji kikubwa kuliko vyote nilivyovitaja hapa, na yeye mwenyewe hakuridhika na matokeo. Mwaka 1980, alipopata muda na kushika sehemu ya uprodyuza kwa mkono wake akiwa na Jon Kelly, alitoa Never for Ever, na ikawa albamu ya kwanza ya mwimbaji wa kike wa Uingereza anayeimba peke yake kufika namba moja katika chati za nchi hiyo. Kukua alikokuwa anatazamiwa kwenye albamu ya pili kulikuja kwenye ya tatu, alipoachiwa nafasi.

Kwa hiyo kama kuna msimamizi wa msanii mchanga anayesoma ukurasa huu, na msanii wake amemwambia kwamba nyimbo bado hazijaiva, namsihi amwamini na kuahirisha tarehe.