Wadogo zangu wa kuvuta magari, pampu ya dizeli iacheni kwanza

Kijana akishanunua Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ na kuifungia winchi, swali lake la kwanza kwangu ni, "Kaka, nifunge turbo?", yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Namuuliza rejeta ameisafisha lini.

1HZ ina silinda 6, cc 4164, na kiwandani inatoka bila turbo. Hewa inaibana mara 22 na ushee. Toyota walipotengeneza ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, cc waliziacha zilezile lakini mbano wakaushusha hadi 18 na ushee. Walijua wanachofanya. Ukiisukumia 1HZ hewa ya turbo, halafu fundi akafungua pampu imwage dizeli zaidi, nguvu utaipata kweli, na joto lake utalipata.

Mimi nilifunga turbo na pampu nikaifungua. Siku moja napanda mlima Kitonga nakokota Noah, gia ya tatu, mguu umekanyaga hadi mwisho. Utingo akaniambia, "Kaka, moshi." Nikatazama kioo: nyuma kweusi, Noah haionekani. Geji ya maji ilikuwa katikati, nikaendelea. Kona mbili mbele injini ikaanza kugonga. Tulipofungua hedi, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Gharama nilishaisahau. Mwenye Noah alikesha pale konani na watoto wake, na alikuwa amenipigia simu mimi nimwokoe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Geji ya maji ilinyamaza kwa sababu joto la moshi hupanda kabla maji hayajapata habari. Ukiamua kufunga turbo, tangulia kufunga geji ya joto la moshi, sensa yake ikae kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea injini, kabla ya turbo. Mimi ikigusa nyuzi 650 mlimani narudisha gia na kulegeza mguu, hata lori la nyuma lipige honi. Gia ndogo inaizungusha injini haraka: hewa inaingia zaidi, feni na pampu ya maji nazo zinafanya kazi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, kwa hiyo ukiuona, mguu juu.

Oili badilisha mapema. Klachi ya feni ikague kabla ya safari ya mlima.

Ukifika, usizime papo hapo, turbo bado ina moto na inahitaji oili izunguke. Shuka ufungue minyororo injini ikiunguruma taratibu. Ukimaliza kufungua ndipo uzime.