Oregano ya Mapambo Kwenye Mawe ya Mwanza: Maswali Yenu

Shikamoo. Nyumba yetu iko Isamilo, uani ni mawe matupu, udongo uko kidogo kidogo katikati. Nimeona picha ya oregano, ule mmea wa jamii ya mnanaa, yenye maua ya waridi yanayoning'inia. Je, itakubali hapa?

Marahaba. Itakubali, tena wenzako wa bondeni wananunua mawe ya kutengenezea bustani kama hiyo. Uliyoiona huenda ni 'Kent Beauty', chotara wa Origanum rotundifolium na Origanum scabrum. Hiyo waridi si maua, ni vijani vilivyopandana kama magamba ya sato. Ua lenyewe ni dogo na huchungulia katikati. Wazazi wake ni wa milimani, mmoja upande wa Uturuki na Georgia, mwingine Ugiriki, kwenye jua kali na udongo usioshika maji.

Shida ni kwamba watu huchagua lile shimo lenye udongo mwingi kati ya mawe mawili. Chini yake mara nyingi kuna jiwe zima lisilo na upenyo, na masika panageuka dimbwi. Mimina ndoo ya maji kwanza. Yakiwa bado yamesimama baada ya robo saa, hapo panda magimbi. Oregano ipeleke juu, kwenye ufa ulioinama, matawi yake yapate pa kuning'inia. Chukua ule mchanga mkubwa unaomomonyoka kwenye majabali, sehemu mbili, uchanganye na udongo sehemu moja. Graniti yetu haina chokaa ya kutosha, na mmea huu unaipenda kidogo, kwa hiyo ongeza konzi ya maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa. Wauza vyakula vya kuku wanayo.

Yangu ilistawi mpaka Machi, kisha ikaoza kuanzia shinani. Ni ugonjwa gani, na dawa yake ni ipi?

Kuvu wa mizizi wamo, lakini aliyewafungulia mlango ni maji, na duka la pembejeo halitakusaidia. Kwao oregano hii, mvua nyingi hunyesha wakati wa baridi, mmea umelala. Joto likija, ardhi imekauka. Kwetu mvua na joto huja pamoja, na juu yake unyevu wa ziwa. Zungushia shina kokoto, unene wa sentimita 3 hivi. Usitandaze nyasi wala pumba za mpunga. Kabla masika hayajaanza, punguza matawi hewa ipite. Kama uko kwenye udongo mzito, panda kwenye chungu chenye matundu na mvua zikianza ukisogeze upenuni. Kupanda upya subiri Juni.

Niweke samadi ya kuku?

Hapana, hiyo ni ya mchicha. Oregano ikishiba inarefuka, inalegea na kuoza upesi.

Oregano zangu zina majani mazuri, lakini hazichanui. Kwa nini?

Oregano nyingi huchochewa kuchanua na siku ndefu. Uingereza mwezi Juni mwanga hupita saa 16. Mwanza ni kama saa 12 mwaka mzima. Basi huku maua huja machache na bila msimu maalumu. Mwenye chungu kimoja barazani anaweza kujaribu kukiwashia taa jioni kwa saa chache. Mimi nisingenunua LUKU kwa ajili hiyo. Majani ya kijivu yanayoteremka jiweni yananitosha.

Shemeji yangu anaweza kuniletea mche kutoka Nairobi kwenye basi?

Mmea unaovuka mpaka unahitaji kibali cha kuingiza kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) na cheti cha afya ya mimea kutoka huko utokako. Afuate utaratibu. Ukishapata mche mmoja, usihangaike na mbegu, kwa sababu mbegu za chotara hazitoi mmea ule ule. Kata pingili changa zisizo na ua, sentimita 6 hivi, uzichomeke kwenye mchanga kivulini.

Inaliwa? Na hawa mijusi wenye vichwa vya waridi wanaoshinda juu ya mawe, wataiharibu?

Ya mapambo haina ladha ya maana. Ya kupikia tafuta Origanum vulgare. Mijusi waache, wanakula wadudu. Wa kuangalia ni pimbi: kama wanafika uani kwako, wekea miche michanga wavu wa kuku mpaka ishike.